Bolti ya Breki: Irudi au Itupwe?

Vitabu vya huduma vya pikipiki za Honda vina amri moja fupi ambayo utaikuta karibu kila penye breki ya diski: bolti zinazoshika kalipa, na zile zinazoshika diski kwenye rimu, zikifunguliwa zisirudi, ziwekwe mpya. Msomee fundi wa Langas au wa Huruma, hapa Eldoret, amri hiyo uone kama hatacheka. Kwake bolti ikitoka inatupwa ndani ya kifuniko cha ndoo, inaoshwa kwa petroli kidogo, inapanguswa kwa kitambaa kilichokwisha kuwa cheusi na kurudi ilikotoka. Ikiwa imekula thredi, ndipo kopo la bolti za zamani linapomwagwa chini na kuchakuliwa mpaka ipatikane inayofanana.

Ni rahisi kumhukumu fundi huyu. Kampuni imesema mpya, yeye anarudisha kuukuu, basi ni mzembe. Mimi naona hukumu hiyo ni ya haraka mno. Bolti mpya inayoweza kupatikana mjini ndani ya nusu saa mara nyingi ni mbaya kuliko ile ya zamani iliyotoka kiwandani pamoja na pikipiki. Na wakati tunabishana juu ya bolti, kuna vitu vidogo kuliko bolti, vya shilingi chache, ambavyo havipaswi kurudi hata mara moja na ambavyo hurudi kila siku.

Tuanze na kazi ya bolti yenyewe, maana ubishi mwingi hutokana na kutoijua. Wengi huichukulia kama msumari mnene uliosimama kati ya vyuma viwili kuvizuia visipitane. Bolti ya kalipa haikuundwa kwa kazi hiyo. Ukiikaza inavutika kidogo, kiasi kisichoonekana kwa macho, na kwa kuwa chuma kizuri hutaka kurudi kwenye urefu wake, inavibana vile vyuma viwili kwa nguvu kubwa. Kinachoizuia kalipa isisogee ni msuguano wa chuma na chuma chini ya ubanaji huo.

Tupige hesabu ya kukadiria. Pikipiki yenye dereva, abiria mmoja na gunia la mahindi la kilo 90 hufika kilo 350 bila shida, na msimu wa mavuno Uasin Gishu hilo ni jambo la kawaida. Dereva akifunga breki kwa nguvu, kalipa ya mbele inavutwa kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 300. Sasa chukua bolti mbili za milimita 8 zilizokazwa kwa kipimo cha niutoni mita 30, ambacho Honda hukitaja kwa kalipa za pikipiki zake nyingi. Kila moja inabana kwa karibu tani mbili, na msuguano unaotokana na hapo unaweza kuzuia zaidi ya kilo 500. Kalipa haitikisiki. Lakini bolti hizo hizo zikikazwa kwa theluthi ya nguvu hiyo, msuguano unashuka chini ya kilo 200. Hapo kalipa inaanza kuteleza, nywele moja mbele, nywele moja nyuma, kila breki inapofungwa.

Hiyo nywele moja ndiyo yenye madhara. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwa mashine aliyoitengeneza kwamba mtikiso unaofungua bolti kuliko mwingine wowote ni ule wa pembeni. Vyuma vilivyobanwa vikianza kuteleza, hata kwa sehemu ya milimita, bolti hujizungusha na kujilegeza bila mkono wa mtu. Ndiyo maana bolti iliyolegea kidogo haikai hivyo kwa muda mrefu: inazidi kulegea mpaka itoke. Na majaribio ya namna hiyo yamekuwa mabaya kwa wosha ya springi, ile iliyokatwa na kupindwa, ambayo mafundi wetu wanaiamini kama hirizi. Mtikiso wa pembeni ukija, wosha hiyo haisaidii sana.

Hapo tunaweza kuielewa amri ya Honda. Bolti zake za kalipa na za diski hutoka kiwandani zikiwa zimepakwa gundi kavu kwenye thredi. Ukizikaza mara ya kwanza gundi inajibana na kushika. Ukizifungua inachanika, na ukizirudisha zilivyo, chuma ni kile kile ila kinga dhidi ya kulegea imepungua. Kwa hiyo kampuni haisemi kwamba chuma kimechoka. Imechagua njia ambayo fundi yeyote, wa Tokyo au wa Thika, hawezi kuikosea: tupa, weka nyingine.

Kampuni nyingine zimechagua njia tofauti. KTM ya Austria, ambayo Bajaj, waundaji wa Boxer, walianza kununua hisa zake mwaka 2007, huelekeza bolti za kalipa zifungwe kwa gundi ya majimaji ya Loctite 243, ile ya buluu inayofunguka kwa spana ya kawaida. Gundi ya aina hii ni ya tangu mwaka 1953, kazi ya profesa wa kemia Vernon Krieble wa Hartford, Marekani. Hukaa majimaji ikiwa na hewa, na hukauka ikibanwa kati ya vyuma pasipo hewa. Mradi thredi ziwe safi, zisiwe na grisi wala oili, bolti nzima ya zamani yenye tone la gundi hiyo inashika vizuri. Anayesema kwamba kurudisha bolti ya breki ni kosa popote pale, basi anawakosoa pia wahandisi wa viwanda vikubwa.

Kuna uvumi mwingine unaochanganya mambo. Kwenye injini nyingi za magari ya kisasa, bolti za silinda hedi hukazwa mpaka zivutike kupita kiasi cha kurudi, na kweli hizo ni za kutumika mara moja. Fundi aliyewahi kufanya kazi gereji ya magari huja na somo hilo kwenye pikipiki na kulitumia kwa kila bolti. Bolti za breki za pikipiki zetu hazikazwi hivyo. Zikikazwa kwa kipimo chake hubaki ndani ya uwezo wake na zinaweza kufunguliwa na kufungwa mara nyingi.

Lakini ukitembea Uganda Road asubuhi ukihesabu pikipiki zinazopita, utagundua kwamba habari ya kalipa ni ya wachache. Tangu serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, barabara zetu zimejaa pikipiki za kazi, na Eldoret, ambalo ni jiji tangu Agosti 2024, limejaa Boxer, TVS na jamii za Kichina zilizonakili Honda za zamani. Nyingi kati ya hizo zina breki za dramu mbele na nyuma. Hazina kalipa wala diski. Swali la bolti ya breki kwetu linahusu mahali pengine kabisa, na mahali hapo vitabu vya Ulaya na Marekani vinapapita haraka.

Inama nyuma ya pikipiki ya dramu iliyosimama. Katikati ya gurudumu, upande wa pedali ya breki, kuna sahani ya alumini iliyobeba breki shu kwa ndani. Gurudumu likizunguka na shu zikashika, sahani nayo inataka kuzunguka na gurudumu. Kwenye gurudumu la mbele kazi ya kuizuia hufanywa na jino la foku linaloingia kwenye mfereji wa sahani, hivyo hakuna bolti ya kuhangaika nayo. Kwa nyuma, kwenye pikipiki nyingi za tabaka hili, kuna fimbo bapa ya chuma inayotoka kwenye sahani hadi mkono wa fremu unaobeba gurudumu. Kila ncha ya fimbo ina bolti moja. Bolti ya upande wa sahani ina nati, na bolti nyingi za hapo zina tundu la kotapini, pini ya kupindwa inayoizuia nati isishuke.

Pikipiki ile ile ya kilo 350 ikifungwa breki ya nyuma, bolti hiyo inavutwa kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 200. Na tofauti na kalipa, hapa maungio hayabanwi sana. Yameachiwa nafasi ndogo ya kucheza kwa sababu gurudumu husogezwa kila cheni inapokazwa. Kwa hiyo bolti hii inafanya kweli ile kazi ya msumari, na nati yake haishikwi na msuguano mkubwa. Inashikwa na ile pini.

Pini ikikosekana, nati inashuka polepole na mtikiso wa matuta ya Kipkaren, siku baada ya siku. Ikishadondoka, bolti inatoka kwenye tundu, na breki ya kwanza ya nguvu itakayofuata, sahani inazunguka pamoja na gurudumu. Inaivuta breki rodi na kuipinda. Ukiwa na bahati, breki ya nyuma inapotea tu. Ukikosa bahati, fimbo iliyobaki inaning'inia inaingia kwenye spoku na gurudumu linakwama papo hapo.

Na sasa angalia kinachowekwa badala ya kotapini. Mara nyingi ni msumari wa inchi moja na nusu, umepitishwa tunduni na kupindwa kwa koleo. Mara nyingine ni waya wa kufungia vyuma vya ujenzi, umesokotwa mara mbili. Mara nyingine ni kotapini yenyewe ya zamani, iliyonyooshwa kwa nyundo na kupindwa tena pale pale ilipopindwa kwanza. Ukiishika unaona mstari mweusi kwenye kiwiko chake, mahali chuma kilipoanza kupasuka. Mguu mmoja umeshakatika, umebaki mmoja, na fundi anasema bado inashika. Inashika, ndiyo, mpaka Burnt Forest.

Kotapini ni kitu cha kutumika mara moja. Vitabu vya huduma, hata vya ndege, havikubali vingine. Bei yake ni ndogo kiasi kwamba muuzaji wa spea huona taabu kukuuzia moja. Ajabu ni kwamba ndicho kipande kigumu kupatikana pale kibandani, kwa kuwa hakuna anayekiagiza.

Kuna jambo jingine ambalo naona halisemwi. Bolti hii ya fimbo haifunguliwi sana na mafundi wa breki. Anayeifungua mara nyingi zaidi ni mtu wa panchari. Kutoa gurudumu la nyuma ili kubadilisha tyubu, lazima uachie breki rodi, utoe bolti ya fimbo, kisha ekseli. Kazi inafanyika kando ya barabara, abiria akiwa amesimama na saa mkononi, pini inaanguka kwenye vumbi na kupotea. Breki shu hubadilishwa mara chache kwa mwaka. Panchari haina ratiba. Kwa hiyo usalama wa breki ya nyuma uko mikononi mwa mtu ambaye hajioni kabisa kuwa anashughulikia breki, na hata mwenye pikipiki hamwoni hivyo.

Bolti ndogo ya pili ya dramu ni ile ya milimita 6 inayobana mkono wa breki kwenye kijiti chenye meno kinachofungua shu. Hii huuawa kwa kukazwa kupita kiasi. Kipimo chake ni kama niutoni mita 10, nguvu ya kifundo cha mkono, lakini fundi anaikaza kwa bega. Inakatika, inatiwa ndefu zaidi yenye nati mbili, mkono unacheza, meno yanaliwa, na mwishowe mtu wa kuchomelea anaitwa. Ukiona mkono wa breki umechomelewa kwenye kijiti chake, jua kwamba siku moja bolti ndogo ilikazwa kwa hasira.

Turudi kwenye bolti mpya, kwa kuwa nimedai kwamba mara nyingi ni mbaya kuliko ya zamani. Bolti ya breki ikipotea, dereva hutumwa hadwea. Anafika na sampuli, muuzaji anaangalia unene na urefu, anampa inayong'aa. Unene na urefu ni nusu ya habari. Nusu nyingine imeandikwa kichwani mwa bolti kwa tarakimu ndogo. Bolti yenye 8.8 inavumilia mvuto wa takriban kilo 64 kwa kila milimita mraba kabla haijaanza kuvutika bila kurudi. Yenye 4.8 inavumilia nusu yake tu, na nyingi za hadwea za kufungia milango na mabati ni za daraja hilo, au hazina alama yoyote. Ukiikaza bolti ya 4.8 ya milimita 8 kwa kipimo cha kalipa, unaivuta kupita uwezo wake kabla pikipiki haijatoka gereji. Mkono unaona inaendelea kukazika vizuri, kumbe inarefuka.

Halafu kuna nafasi ya thredi. Bolti nyingi za milimita 10 kwenye pikipiki za Kijapani na nakala zake zina thredi za nafasi ya milimita 1.25. Hadwea huuza za 1.5. Zinaingia mizunguko miwili, mitatu, kisha zinagoma, na fundi mwenye haraka anaongeza nguvu. Ikiwa nati ni ya chuma, zinaharibika zote mbili. Ikiwa ni tundu la alumini, tundu limekwisha, na umejitia kwenye gharama ya kutia thredi upya kwa sababu ya bolti ya shilingi chache.

Kwa Honda na Yamaha spana inaweza kukupa dalili. Bolti ya Kijapani ya milimita 8 kwa kawaida hufunguliwa na spana namba 12, ya milimita 10 na spana namba 14. Ya hadwea ya unene huo huo hutaka namba 13 na namba 17. Ukiona fundi anaruka kutoka 12 hadi 13 kwenye kalipa moja, mtu alishapita hapo na bolti ya dukani. Kwa pikipiki za Kihindi dalili hii haitegemeki, kwa hiyo bora kusoma kichwa cha bolti.

Ziko pia zile za pambo: bolti za chuma kisichoshika kutu, na hata za alumini za rangi nyekundu na dhahabu, ambazo vijana huzipenda sawa na wanavyopenda taa za bluu na vitambaa vya kufunika tangi. Kwenye madigadi hazina neno. Chuma kisichoshika kutu cha kawaida ni laini kuliko cha 8.8, na thredi zake hupenda kugandana. Alumini kwenye breki isikaribie.

Mtu atauliza kuhusu spea za kampuni. Zipo mjini, na kwa bolti za breki ndizo ninazozikubali bila maswali. Tatizo ni pakiti zinazofanana nazo. Kenya ina Shirika la Viwango na ina Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi, na biashara ya spea bandia inaendelea. Breki shu bandia hugundulika mapema kwa kelele au kwa kuisha haraka. Bolti bandia haitoi kelele. Kwa hiyo kati ya bolti ya zamani ambayo najua ilikuja na pikipiki, na mpya ambayo sijui ilitoka wapi, nitachukua ya zamani, ikiwa ni nzima.

Ikiwa ni nzima: hapo ndipo fundi hodari anapojitofautisha. Bolti haihukumiwi ikiwa na uchafu. Inasuguliwa kwa brashi ya waya, inaoshwa, inakaushwa, kisha inapitishwa kwa vidole kwenye nati safi. Ikiingia mpaka mwisho bila spana, thredi ni hai. Ikikaza katikati, imevutika au imepigwa. Ukiiweka karibu na pacha wake na kukuta thredi zimepishana, ile iliyo ndefu imekwisha. Kwenye bolti ya fimbo ya nyuma tazama shingo: ikiwa pamechimbika mfereji mahali fimbo inapokaa, itupe, na tazama tundu la fimbo pia, kwani mara nyingi limeshakuwa yai. Kutu ya juu juu inasugulika. Kutu iliyoacha mashimo ni ufa wa kesho. Kichwa kilichoviringika kwa spana mbovu nacho kinatosha kuitupa, hata kama thredi ni nzuri, kwa sababu mtu wa baadaye hataweza kuikaza ipasavyo.

Usafi wenyewe si wa kupendezesha. Katika nguvu yote unayoitia kwenye spana, sehemu kama moja kwa kumi tu ndiyo inayoivuta bolti. Iliyobaki inaliwa na msuguano chini ya kichwa na kwenye thredi. Tope na kutu vikiongeza msuguano huo, mkono unasikia bolti imekaza sana, kumbe ubanaji ni mdogo. Grisi hufanya kinyume: mkono unasikia kawaida, bolti imevutwa kupita kiasi. Ndiyo sababu fundi mwenye uzoefu wa miaka 20 na mkono mzuri bado anaweza kudanganywa na bolti chafu. Spana ya kupimia nguvu, ile inayolia ikifika kipimo, nayo hudanganywa vile vile ikiwa thredi si safi. Kwenye vibanda vya Eldoret spana hiyo ni nadra. Kilichopo kwa wingi ni bomba la kuongezea urefu wa spana, na ninaamini bomba hilo limeua bolti nyingi za breki kuliko kutu.

Kwa wenye diski kuna bolti moja zaidi ya kuangalia, ile yenye tundu katikati ambayo mafuta ya breki hupitia kuingia kwenye kalipa. Kwa kuwa ni bomba, ni dhaifu kuliko umbo lake. Huzibwa na wosha mbili laini, za shaba au alumini, ambazo hujibonyeza zikikazwa mara ya kwanza. Ukizirudisha zilivyo, mafuta yanavuja, fundi anakaza zaidi, bolti inakatika. Wosha hizo zibadilishwe. Mafundi wa jua kali wana njia ya kuichoma shaba mpaka iwe nyekundu na kuiacha ipoe, na kisayansi wako sahihi, shaba hurudi kuwa laini. Kwa dharura naikubali. Wosha ya alumini haifai kwa mchezo huo: inayeyuka ghafla kabla haijabadilika rangi.

Mahali tunapoishi panaongeza uzito wa haya yote. Eldoret liko kimo cha takriban mita 2,100, na ukitoka kwenda Iten unapanda zaidi, kisha barabara ya Kabarnet inaanguka ukingo wa Bonde la Kerio ikipita Tambach, na kufika chini ikiwa imeshuka zaidi ya mita 1,000. Madereva wengi huteremka injini ikiwa frii, wengine wameizima kabisa kuokoa petroli, na kazi yote inaachiwa breki. Kalipa ya alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya bolti ya chuma iliyoishika, ikipoa inarudi. Safari baada ya safari, bolti iliyofungwa vizuri inavumilia na iliyofungwa ovyo inaachia. Kwenye dramu moto huo haufiki sana kwenye bolti ya fimbo. Inayoiumiza ni tope la miezi ya mvua na maji ya presha wakati wa kuosha, kando ya mto Sosiani na kwingineko. Grisi inaondoka, kutu inaingia, na nati inayopaswa kushuka kwa spana inashuka na nusu ya bolti.

Yote haya yana bili, na hapo ndipo mambo hukwama. Pikipiki nyingi za bodaboda haziendeshwi na wenyewe. Dereva hupeleka hesabu ya siku kwa mwenye pikipiki, na desturi ni kwamba matengenezo makubwa ni ya mwenye pikipiki, madogo ni ya dereva. Injini ikifa, mwenye pikipiki anapigiwa simu. Bolti ya breki ni ndogo, basi ni ya dereva. Lakini dereva akisimama nusu saa kutafuta kotapini, amepoteza abiria kadhaa, na hesabu ya jioni haipunguzwi. Fundi naye analipwa kwa kazi, halipwi kwa muda wa kusugua bolti. Kila mmoja kati ya hao watatu ana sababu nzuri ya kuridhika na msumari.

Sheria haiwafikii hapo. Kanuni za pikipiki za mwaka 2015 zilizotolewa chini ya NTSA, Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, zinajulikana kwa kofia ngumu, jaketi linalong'aa na abiria mmoja. Trafiki anayesimamisha bodaboda anatazama vitu vinavyoonekana akiwa amesimama, na bolti ya fimbo haionekani mpaka upige goti. Sidhani ukaguzi zaidi ungesaidia sana. Ungeongeza mahali pa kutoa kitu kidogo. Ninaona faida zaidi kwenye mafunzo. NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ina mitihani ya daraja kwa mafundi waliojifunzia kazini, na Eldoret haikosi vyuo vya ufundi. Fundi wa breki akipewa siku moja tu ya kupima bolti kwa spana inayolia, akaona mwenyewe jinsi thredi chafu inavyomdanganya mkono, hataisahau. Na mtu wa panchari awe wa kwanza kualikwa.

Hukumu yangu basi ni hii. Ukiwa na Honda ya diski na bolti za kampuni zinapatikana, fuata kitabu, weka mpya. Zisipopatikana, safisha za zamani, zikague, tia gundi ya buluu, kaza kwa kipimo, na usikubali ya hadwea. Kwa Boxer na jamii yake, rudisha bolti nzima bila kuona aibu, ila kotapini, nati zenye ringi ya plastiki zilizokwisha kulegea na wosha za mafuta zisirudi. Mwenye pikipiki, nunua pakiti ya kotapini uifunge chini ya kiti pamoja na nakala ya bima. Nawe dereva, kila gurudumu la nyuma likitolewa, hata kama ni kwa panchari tu, piga goti kabla ya kuwasha, utazame kama kuna pini, na kama ni msumari, usiondoke.